René Lemarchand: mwanazuoni aliyezisoma taasisi za Burundi kwa nusu karne

Mwaka 1970 kilichapishwa kitabu kinene cha zaidi ya kurasa 500 chenye jina fupi: "Rwanda and Burundi". Mwandishi wake, René Lemarchand, Mfaransa aliyehamia Marekani, alikuwa mwalimu wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Florida na hakuwa amefikisha miaka 40. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilitunukiwa Tuzo ya Herskovits, ambayo Jumuiya ya Masomo ya Afrika ya Marekani hukipa kitabu kinachohesabiwa kuwa bora kuliko vingine vyote vya mwaka kuhusu bara letu. Hadi leo mtu anayetaka kuandika juu ya ufalme wa Burundi, juu ya UPRONA ya mwanzo au juu ya mwaka 1972 hawezi kukipita kitabu hicho bila kukigusa, hata kama nia yake ni kukipinga.

Msikilizaji wa Bujumbura husikia katika taarifa zetu maneno "asilimia 60 kwa 40" au "asilimia 50 kwa 50" mara nyingi kiasi kwamba masikio yameyazoea. Mizani hiyo ya Katiba ina historia yake ndefu, na miongoni mwa waliotumia maisha yao ya kazi kuichunguza, Lemarchand ni wa mapema zaidi na ndiye aliyebishaniwa zaidi. Makala hii inaeleza alichosoma, alichoandika, waliompinga, na jambo moja ambalo mizani hiyo imelipita kando na ambalo linawahusu wasomaji wa ukurasa huu.

Kutoka Kongo hadi Usumbura

Lemarchand alizaliwa mwaka 1932. Alilifikia eneo letu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati utawala wa Kibelgiji ulipokuwa ukifunga virago, na kazi yake ya kwanza kubwa haikuihusu Burundi. Ilihusu Kongo. Kitabu chake "Political Awakening in the Belgian Congo", kilichotoka mwaka 1964, kilieleza jinsi vyama vya siasa vilivyochipuka ghafla katika koloni ambalo watawala wake walikuwa wamewanyima Waafrika nafasi ya kujizoeza siasa. Nchi yenye eneo kubwa kuliko Ulaya Magharibi ilipewa miezi michache ya kujifunza kupiga kura, kuunda Bunge na kuendesha jeshi, na matokeo yanajulikana.

Ni Kongo iliyompa swali alilokuja nalo Rwanda na Burundi. Wakati huo wataalamu wengi wa siasa waliamini kwamba nchi mpya zikishapata Katiba, Bunge na vyama, mengine yangefuata. Lemarchand aliuliza kinyume chake: taasisi mpya zinapopandikizwa juu ya taasisi za kale, ni zipi zinazomeza nyingine? Burundi ilikuwa mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa sababu ilikuwa na mwami, ilikuwa na Waganwa, ilikuwa na Bunge jipya, na vyote vitatu vilitaka kutawala kwa wakati mmoja.

Hapa naomba radhi ya mfasiri. Neno "taasisi" lina utata katika Kiswahili chetu cha Burundi. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, taasisi yaweza kuwa chuo, shirika au hata kituo cha mafunzo ya kompyuta. Sisi tunaotafsiri kila asubuhi kutoka Kifaransa na Kirundi tunalitumia kwa maana ya "inzego", yaani vyombo vya dola: Urais, Bunge, Seneti, mahakama, jeshi, tarafa. Katika makala hii neno lina maana hiyo ya pili, na limepanuka kidogo ili liingize pia kanuni zisizoandikwa ambazo watu huzifuata kana kwamba zimeandikwa.

Waganwa, mwami na mwana wa mwami

Hoja kuu ya kitabu cha 1970 ni kwamba Rwanda na Burundi, ingawa zilifanana kwa lugha, kwa ukubwa na kwa makundi ya watu, hazikuwa nchi moja yenye majina mawili. Nchini Rwanda ufalme uliwaweka Watutsi wa tabaka la juu moja kwa moja juu ya wengine, na mapinduzi ya 1959 hadi 1962 yaliupindua mpangilio huo. Nchini Burundi, kati ya mwami na raia walisimama Waganwa, wana na wajukuu wa wafalme waliopita, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Ugomvi mkubwa wa siasa ulikuwa wao kwa wao, hasa kati ya nyumba mbili, Abezi na Abatare. Mkulima Mhutu na mfugaji Mtutsi wa kawaida wangeweza kujikuta upande mmoja, wakimfuata mganwa mmoja dhidi ya mwingine.

Ndiyo maana, kwa maelezo ya Lemarchand, siasa ya vyama ilipoanza ilivaa sura ya ugomvi huo wa kale. UPRONA ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa IV, ilihesabiwa upande wa Abezi. Chama cha PDC, kilichopendwa na watawala wa Kibelgiji, kilikuwa cha Abatare. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Wiki nne baadaye, tarehe 13 Oktoba, Rwagasore alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli moja kando ya Ziwa Tanganyika, na viongozi wa PDC walihukumiwa kwa njama hiyo.

Katika sehemu hii ya historia jamii ya Waswahili inaonekana waziwazi. Waandishi wa historia ya UPRONA, Lemarchand akiwa miongoni mwao, wanaeleza kwamba Rwagasore alipata wafuasi wake wa mapema miongoni mwa wafanyabiashara Waislamu wa Usumbura, wale wa mtaa ambao Wabelgiji waliuita Kijiji cha Waswahili na ambao sasa ni Buyenzi. Kabla ya kuwa kiongozi wa chama alikuwa ameanzisha chama cha ushirika cha wafanyabiashara, na watu wa Buyenzi waliokwisha kuchoshwa na vikwazo vya biashara vya utawala wa kikoloni walimwelewa haraka. Kiswahili ndicho kilichomfungulia njia ya kuzungumza na Nyerere na TANU ng'ambo ya mpaka. Wazee wa Buyenzi hawahitaji kusimuliwa hayo na profesa wa Florida. Faida ya kuyakuta kitabuni ni kwamba yanaingia katika maandishi yanayosomwa na watu wasiowahi kukanyaga barabara zetu zenye namba.

Baada ya kifo cha Rwagasore, kilichobaki ni kiti kitupu ambacho hakuna aliyeweza kukikalia. UPRONA iligawanyika makundi mawili, Casablanca na Monrovia. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa tarehe 15 Januari 1965. Katika uchaguzi wa Mei mwaka huo Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya Bunge, lakini mwami akamteua mganwa, Léopold Biha, kuwa Waziri Mkuu. Oktoba maafisa Wahutu wakajaribu mapinduzi, wakashindwa, na wanasiasa wengi wa Kihutu wakauawa. Mwambutsa aliondoka nchini na hakurudi kutawala. Mwaka 1966 mwanawe alishika ufalme kwa jina la Ntare V kwa miezi michache tu, na tarehe 28 Novemba Kapteni Michel Micombero akatangaza jamhuri.

Lemarchand aliyaeleza hayo kwa wazo ambalo limenukuliwa sana tangu hapo: unabii unaojitimiza. Watutsi wengi wa Burundi waliyatazama mapinduzi ya Rwanda na kuona kesho yao wenyewe. Baadhi ya Wahutu wenye elimu waliyatazama na kuona mfano wa kuigwa. Kila upande ulitenda kana kwamba Burundi ni Rwanda, na kwa kutenda hivyo wakaifanya ifanane nayo zaidi kuliko ilivyowahi kufanana. Kwa hoja hiyo chuki haikurithiwa kutoka zama za mababu. Ilijengwa katika muda wa miaka isiyozidi sita, na waliohusika tunawafahamu kwa majina.

Mwaka 1972, na neno la kuuita

Kitabu kilikuwa na miaka miwili tu kilipopitwa na matukio. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walishambulia kusini mwa nchi, katika maeneo ya Rumonge, Nyanza-Lac na kwingineko, wakawaua Watutsi wengi. Jibu la serikali ya Micombero lilidumu kwa miezi na halikuishia kwa waasi. Walimu, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, makarani, wauguzi, wanajeshi na wafanyabiashara Wahutu walichukuliwa madarasani, maofisini na majumbani, na hawakurudi. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kufika 300,000 kwa baadhi ya waandishi. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda, na watoto wengi waliozaliwa katika makambi ya Tanzania walikua wakizungumza Kiswahili.

Mwaka 1974 Lemarchand, pamoja na mwanahabari David Martin, alitoa ripoti fupi kupitia shirika la Minority Rights Group la London. Jina lake lilikuwa "Selective Genocide in Burundi". Jina hilo linamsumbua mfasiri. Kiswahili hakikuwa wakati huo na neno lililokubalika kwa jambo hili. "Mauaji ya kimbari", ambalo sasa kila mtangazaji analitumia, lilienea baadaye sana, hasa baada ya Rwanda 1994, na limetokana na "mbari", yaani ukoo. Lakini ripoti ile ilisema jambo mahsusi zaidi: kwamba waliouawa walichaguliwa. Lengo lilikuwa mtu aliyesoma, au aliyekuwa akisoma, au ambaye mtoto wake angesoma. Kwa lugha ya taasisi, ilikuwa ni kuhakikisha kwamba katika kizazi kizima hapatakuwa na Mhutu wa kuketi ofisini, kambini wala mahakamani.

Ulimwengu haukusikiliza sana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulionyesha mshikamano na serikali ya Micombero, na nchi za Magharibi zilizokuwa na ubalozi Bujumbura ziliandika taarifa za siri na kunyamaza hadharani. Nchini kwenyewe halikuwa jambo la kuzungumzwa; familia zilizopoteza baba hazikuruhusiwa hata kuomboleza kwa sauti. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza Desemba 2021, karibu miaka 50 baadaye, kwamba matukio ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Wapo waliolipokea tangazo hilo kama haki iliyochelewa, na wapo waliolalamika kwamba Tume iliyatazama makaburi ya upande mmoja zaidi ya mengine. Mwaka 2011 Lemarchand mwenyewe alikuwa amehariri kitabu kuhusu mauaji ya kimbari yaliyosahauliwa duniani.

Mteja, mfadhili na ng'ombe

Kati ya ripoti hiyo na kitabu chake cha pili kuhusu Burundi ilipita miaka 20, na ni kosa kudhani kwamba alikaa kimya. Mwaka 1972 jarida kuu la sayansi ya siasa la Marekani lilichapisha makala yake juu ya uhusiano wa mwenye nguvu na anayemtegemea, na jinsi uhusiano huo unavyoweza kuvuka mipaka ya ukabila au kuuimarisha. Warundi wanaujua uhusiano huo tangu zamani: ni ubugabire, mtu kupewa ng'ombe na kubaki na deni la utiifu. Kwa Kifaransa huitwa "clientélisme", na nimewahi kuona umetafsiriwa "uteja", jambo linalomfanya msomaji afikirie soko badala ya siasa. Lemarchand alionyesha kwamba kamba kama hizo zilikuwa zikimfunga Mhutu kwa Mtutsi na wote wawili kwa mganwa. Zilipokatwa na utawala wa kikoloni na kisha na jamhuri, kilichobaki kuwaunganisha watu kilikuwa kabila peke yake.

Alihariri pia vitabu juu ya falme za Afrika, juu ya sera ya Marekani kusini mwa Afrika na juu ya siasa ya Gaddafi barani. Alishiriki kukijenga Kituo cha Masomo ya Afrika cha chuo chake, na katika miaka ya 1990 alifanya kazi Abidjan na Accra kama mshauri wa utawala na demokrasia wa shirika la misaada la Marekani. Hayo tunayapita haraka.

Ugomvi wa wasomi

Mwaka 1990 Lemarchand aliandika katika jarida la Kanada la masomo ya Afrika makala kali dhidi ya kile alichokiita shule ya historia ya Kirundi na Kifaransa. Aliyelengwa hasa alikuwa Jean-Pierre Chrétien, mwanahistoria Mfaransa aliyefundisha Bujumbura katika miaka ya 1960 na aliyewalea wanahistoria wengi wa Burundi. Chrétien alijibu mwaka uliofuata katika jarida lilelile.

Kwa ufupi, Chrétien na wenzake walisisitiza kwamba ukabila kama tunavyoujua ni zao la wakoloni na wamisionari, walioleta nadharia zao za rangi na kuziandika vichwani mwa watu. Lemarchand hakukana mchango wa wakoloni. Lamalamiko lake lilikuwa kwamba hoja hiyo, ikirudiwa katika nchi ambayo jeshi na utawala viko mikononi mwa kundi moja, inakuwa pazia: serikali za Micombero na Bagaza zilikuwa zikikataza kutaja makabila huku zikiyazingatia sana katika kugawa vyeo. Wa upande wa pili nao walimjibu kwamba mtu anayeihesabu kila nafasi kwa kabila anaishia kuipa nguvu dhana ileile anayodai kuichunguza.

Ugomvi huu haukuwa wa maktaba tu. Agosti 1988 watu wengi walikuwa wameuawa katika tarafa za Ntega na Marangara, kaskazini, kwanza Watutsi mikononi mwa majirani zao, kisha Wahutu kwa maelfu mikononi mwa jeshi. Rais Pierre Buyoya, aliyechukua madaraka mwaka 1987, alikuwa ameunda tume ya umoja wa kitaifa yenye idadi sawa ya Wahutu na Watutsi. Je, kusema "sisi sote ni Warundi" kunaponya, au kunaficha? Mwanahabari wa Burundi hukutana na swali hilo kila anapoamua kama ataandika kabila la mtu katika habari.

Lemarchand alilipa jambo hilo jina katika kitabu cha 1994, "Burundi: Ethnocide as Discourse and Practice". Alieleza kwamba juu ya mgogoro wenyewe kuna mgogoro wa pili, ule wa kugombania maelezo ya mgogoro. Kila upande una masimulizi yake ya nani alianza, na masimulizi hayo huwa silaha kabla ya panga na bunduki. Kitabu kilitoka nchi ikiwa imo msibani. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa tarehe 1 Juni 1993, alikuwa ameuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba. Pamoja naye waliuawa Spika wa Bunge Pontien Karibwami na makamu wake Gilles Bimazubute. Anayesoma Katiba ya wakati ule anaona kwamba waliouawa ndio hasa waliotakiwa kushika nafasi ya Rais asipokuwapo. Mkuu wa nchi aliuawa na ngazi ya kumrithi ikavunjwa.

Chama cha FRODEBU kilikuwa kimepata viti 65 kati ya 81 bungeni. Wingi huo wa kura haukukilinda, kwa sababu jeshi lilibaki lilivyokuwa.

Arusha na hesabu ya viti

Dawa iliyotafutwa ilikuwa na jina la kitaalamu kabla ya kufika Arusha. Arend Lijphart, mwanazuoni Mholanzi, alikuwa amefundisha tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba katika jamii zilizogawanyika sana demokrasia ya mshindi kuchukua vyote haifai. Alipendekeza serikali ya muungano mpana, mgawo wa nafasi kwa uwiano, haki ya wachache kuzuia uamuzi unaowaumiza, na kila kundi kujiendeshea mambo yake.

Burundi ilijaribu kwanza kwa haraka. Mkataba wa Serikali wa Septemba 1994 uligawa vyeo asilimia 55 kwa 45 kati ya kambi mbili za vyama, na kuiacha sehemu ya jeshi bila kuguswa. Haukudumu, tarehe 25 Julai 1996 Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi. Makubaliano ya Arusha, yaliyosimamiwa na Julius Nyerere na baada ya kifo chake na Nelson Mandela, yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 na kuingizwa katika Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005.

Kwa mujibu wa Katiba hiyo, serikali na Bunge la Taifa huwa na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu bungeni. Seneti huwa na Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja kwa kila mkoa, pamoja na Watwa watatu. Katika vyombo vya ulinzi na usalama hakuna kundi linaloruhusiwa kuzidi asilimia 50. Katika orodha za wagombea, kati ya kila watatu wanaofuatana wawili tu waweza kuwa wa kabila moja. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichobadilisha siasa zaidi, kwa sababu kililazimisha kila chama kikubwa kutafuta wagombea wa upande wa pili. Mwaka 2005 CNDD-FDD, kundi la waasi lililokuwa la Wahutu wengi, liliingia bungeni na wabunge 64 kati ya 118, Watutsi wakiwemo.

Katika makala ya mwaka 2007 katika jarida "African Affairs", Lemarchand alizilinganisha Rwanda, Burundi na Kongo, na kusema kwamba Burundi ndiyo iliyokaribia zaidi mfano wa Lijphart. Rwanda ilikuwa imechagua njia nyingine, kuyafuta makabila katika sheria. Kongo ilikuwa imegawa vyeo bila kuwa na dola ya kuvibeba. Sifa hiyo kwa Burundi haikuwa bila masharti. Vyama vilivyojiona wasemaji wa Watutsi vililalamika tangu mwanzo kwamba Mtutsi aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama chenye Wahutu wengi anajaza hesabu bila kuwawakilisha. Ukiuliza kati ya mbunge wa kabila fulani na mbunge aliyechaguliwa na watu wa kabila hilo ni yupi anayelilinda, Katiba inahesabu yule wa kwanza tu.

Tusiokuwamo katika hesabu

Katiba inataja makundi matatu. Mswahili wa Buyenzi, ambaye babu yake mmoja alitoka Manyema, mwingine Ujiji, na bibi yake alikuwa Mrundi wa Mugere, anapotaka kugombea hujaza fomu kama Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wengi hufanya hivyo bila kinyongo, kwa kuwa wana ukoo wa upande wa baba unaowapa jibu. Wengine hujaza wakijua kwamba jibu hilo ni la fomu tu.

Mwaka 1994 na 1995, vijana wenye silaha walipokuwa wakiifunga miji na kuisafisha mitaa, Kamenge ukabaki wa Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga ukawa wa Watutsi. Buyenzi na Bwiza zilibaki mchanganyiko kwa muda mrefu zaidi kuliko mitaa hiyo. Ingestahili mwanazuoni wa taasisi aulize kilichowezesha hilo: msikiti, ndoa, biashara ya pamoja, au lugha ambayo haikuwa ya kabila lolote. Kwa kuwa mizani ya Arusha ilitungwa kwa ajili ya waliopigana, jamii ambayo haikupigana haikutengewa kiti. Sioni njama katika hilo, ila naona upungufu ambao vitabu vya Lemarchand, pamoja na ukubwa wake, vinaugusa kwa mwaka 1961 na kuuacha hapo.

Wanaoendeleza kazi

Warundi wenyewe wameandika. Mwaka 1998 mchumi Léonce Ndikumana alichapisha katika "African Studies Review" makala iliyoieleza migogoro ya Burundi kama kushindwa kwa taasisi: jeshi, mahakama na utawala vilivyotumika kulinda wachache badala ya kulinda sheria. Katika Chuo Kikuu cha Burundi, Julien Nimubona ameifundisha sayansi ya siasa na kuchunguza jinsi Warundi wanavyoyafikiria madaraka. Kutoka Antwerp, Filip Reyntjens na Stef Vandeginste wamefuatilia kifungu kwa kifungu maisha ya Katiba ya 2005 na marekebisho yake.

Marekebisho hayo si madogo. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 17 Mei 2018 ilirefusha muhula wa Rais kuwa miaka saba, ikarudisha cheo cha Waziri Mkuu, ikabakiza Makamu wa Rais mmoja badala ya wawili, na ikaruhusu sheria nyingi kupita kwa wingi wa kawaida badala ya theluthi mbili za kura. Sharti la theluthi mbili lilikuwa ndilo kizuizi mikononi mwa wachache. Asilimia zilibaki, lakini Seneti ilipewa miaka mitano ya kutathmini kama mgawo wa kikabila uendelee au ukome.

Kisha ukaja mpangilio mpya wa mikoa, ambayo ilipungua kutoka 18 hadi mitano, yaani Bujumbura, Gitega, Buhumuza, Burunga na Butanyerera. Kwa kanuni ya maseneta wawili kwa kila mkoa, maseneta wa mikoa ambao wangekuwa 36 sasa ni 10. Hao, pamoja na Watwa watatu, ndio walioingia katika Seneti iliyochaguliwa mwaka 2025. Kuhusu tathmini ya mgawo, Seneti ilianza kukusanya maoni ya wananchi mwaka 2023. Orodha ya makundi yaliyotajwa katika kifungu kinachotathminiwa ni ileile ya Arusha: Wahutu, Watutsi, Watwa.